Kisima kimoja, ndoo moja, mgonjwa mmoja: bakteria wa tumboni wana kazi gani kwenye kipindupindu?

Mhudumu_Mikindani

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu. Swali hili sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunaulizwa kila msimu wa mvua, visima vifupi vinapoanza kuingiwa na maji ya juu. Kaya ina watu sita. Kisima kimoja, ndoo moja ya kunywea, sinia moja. Mmoja anaharisha maji ya mchele hadi macho yanazama, wa pili anaharisha mara tatu na kupona, wanne wanaendelea na shughuli zao. Majirani wakiona hivyo wanasema maji hayana kosa, au wanasema kuna mkono wa mtu. Lolote kati ya hayo mawili likishika, ndoo haitiwi klorini tena.

Habari ya asidi ya tumbo naifahamu. Ya kundi la damu O pia naifahamu, kwamba wenye kundi hilo wakiambukizwa huugua vikali zaidi. Ninachoomba mnifafanulie ni hawa bakteria wanaoishi utumboni siku zote. Kweli wanaweza kumzuia vibrio, yaani bakteria wa kipindupindu? Kama wanaweza, togwa na mtindi vinasaidia? Na hawa wanaomeza "rangi mbili" au metronidazoli mapema, wakisikia tu kwamba kipindupindu kimefika kijiji cha pili, wanajikinga au wanajiharibia?

Maabara_Kusini

Marahaba. Kwanza turekebishe hesabu: hao wanne huenda si wazima wote. Walio wengi kati ya wanaoambukizwa *Vibrio cholerae* hawaonyeshi dalili, lakini kinyesi chao hutoa vimelea kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo choo cha nyumba hiyo kihesabiwe kuwa cha wagonjwa sita, si cha mgonjwa mmoja. Hapo swali lako linagawanyika: nani amempokea vibrio, na nani kati yao ameugua.

Asidi ndiyo mlango wa kwanza. Majaribio ya watu waliojitolea Marekani miaka ya 1970 yalionyesha kwamba vibrio akimezwa na maji matupu, tumbo likiwa na asidi yake, zinahitajika seli kama milioni 100 au zaidi ili mtu augue. Walipopewa kwanza gramu 2 za sodiamu baikaboneti ya kuua asidi, elfu kumi hadi milioni moja zilitosha. Tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi ndani ya sinia moja: nani alikunywa maji tumbo likiwa tupu, nani aliyameza pamoja na wali mwingi, nani anatumia dawa za vidonda vya tumbo.

Akishavuka hapo anaingia utumbo mwembamba, na hapo ndipo wenyeji, yaani hao bakteria wanaoishi utumboni siku zote, wanapohusika. Vibrio hafiki akiwa tayari kwa vita. Jeni za sumu yake, na za nywele anazojishikizia ukutani, zimezimwa mpaka apate ishara kwamba amefika mahali pake. Ishara mojawapo ni chumvi ya nyongo iitwayo taurokolati. Sasa wapo bakteria wenyeji wenye kimeng'enya kinachoikata taurokolati vipande, na mmoja wao ni *Blautia obeum*, ambaye zamani aliitwa *Ruminococcus obeum*. Kundi la Ansel Hsiao, Chuo Kikuu cha California kule Riverside, lilichapisha mwaka 2020 kazi ya kuhamishia bakteria wa tumbo la watu ndani ya panya. Panya waliopewa bakteria wa watu fulani walimzuia vibrio, waliopewa wa watu wengine walimwachia nafasi, na kimeng'enya hicho cha Blautia kilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Taurokolati ikikatwa, vibrio hapati taarifa kwamba amefika. Anapita na kutoka.

Blautia huyohuyo alishaonekana mwaka 2014, Hsiao alipokuwa maabara ya Jeffrey Gordon huko St. Louis, Marekani, wakishirikiana na watafiti wa Dhaka, Bangladesh. Walifuatilia watu wazima tangu siku za kuharisha mpaka miezi kadhaa baada ya kupona. Kuharisha kule hufagia karibu kila kitu, kisha bakteria hurudi kwa mpangilio unaofanana na ule wa mtoto mchanga anayekua: wa kwanza wanakuja hawa, wanafuata wale. Blautia ni miongoni mwa wale wanaoendana na kupona. Hutoa pia ishara iitwayo AI-2, ambayo bakteria huitumia kujua wako wangapi. Vibrio akiipokea kwa wingi hupunguza kazi ya jeni anazohitaji ili akae utumboni.

Lakini vibrio naye hupigana. Ana chombo kinachofanya kazi kama chusa ya mvuvi: kinachomoka ndani ya seli yake na kumchoma bakteria aliye jirani, kikimwingizia sumu. Kinaitwa mfumo wa utoaji wa aina ya sita, na kwa vibrio kilielezwa mwaka 2006. Mwaka 2018 ilionekana kwa panya wachanga kwamba vibrio mwenye chusa akiwaua *E. coli* wenyeji hujaa zaidi na ugonjwa unakuwa mkali zaidi. Kwa samaki wadogo aina ya zebra ilionekana ajabu nyingine: chusa hiyo ilifanya utumbo ujikunyate kwa nguvu na kuwatoa wenyeji kwa wingi.

Tahadhari moja ya maabara, maana watu huipita haraka. Vita iko utumbo mwembamba, ila sampuli tunazochukua ni kinyesi, ambacho hueleza zaidi habari za utumbo mpana. Hata hivyo, utafiti wa Dhaka uliochapishwa 2018 ulipima watu wanaoishi na mgonjwa kabla wao wenyewe hawajaambukizwa, na muundo wa bakteria wa kinyesi ulitabiri nani atafuata, angalau sawa na vigezo vya kawaida kama umri na kundi la damu. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, wana kazi, na si ndogo.

MfamasiaLindi

Ndugu Mhudumu, Maabara amekujengea msingi, mimi naingia kwenye dawa. Hapa nasema kwa uchungu kabisa, kwa sababu ndipo watu wanapojidhuru kwa fedha yao.

Metronidazoli huua bakteria wasiotaka oksijeni. Vibrio anaweza kuishi na oksijeni au bila oksijeni, na metronidazoli haimfanyi kitu. Blautia na jamaa zake wengi ndio hasa wasiotaka oksijeni. Kwa maneno mengine, anayemeza metronidazoli ili kujikinga na kipindupindu anamwacha mgeni na kuwafukuza wenyeji. Hata mtu akishaanza kuharisha maji ya mchele, kidonge hicho si tiba yake.

Rangi mbili, yaani tetrasaiklini, inamwua vibrio ikiwa vibrio hajawa sugu. Kosa ni kuinywa bila ugonjwa. Kapsuli mbili leo na mbili kesho haziachi kinga ya wiki ijayo. Zinaacha tumbo lililopungukiwa wenyeji huku maji ya kisima ni yaleyale. Wataalamu wa maabara wanalijua hili zamani: panya aliyekwisha kukua au nguruwe wa Guinea kwa kawaida humkataa vibrio, lakini akipewa streptomaisini kwanza humpokea. Rolf Freter alilionyesha hilo miaka ya 1950, na mpaka leo ndivyo wanavyofanya wakitaka mnyama aliyekwisha kukua aambukizwe.

Nchi yetu ina somo lake. Katika mlipuko wa 1977 na 1978 tetrasaiklini ilitumika kwa wingi kutibu na kukinga. Mhalu na wenzake walichapisha mwaka 1979 kwamba vimelea vilivyokuwa vinasikia dawa vyote mwanzoni, baada ya miezi mitano asilimia 76 ya vilivyopimwa vilikuwa sugu. Miezi mitano tu!

Antibiotiki ina mahali pake: mgonjwa aliyepungukiwa maji sana, akishaongezewa maji na kutapika kukipungua. Mtu mzima ni doksisaiklini miligramu 300 dozi moja, au azithromaisini gramu 1 dozi moja. Mtoto azithromaisini miligramu 20 kwa kilo. Dozi moja hiyo hupunguza kuharisha kwa takriban nusu na kufupisha siku za kutoa vimelea. Anayeamua ni kituo, kwa kufuata usugu wa msimu huo.

Na wenye duka la dawa muhimu mnaosoma hapa: mteja wa omeprazoli au dawa za kutafuna za asidi, wakati wa mlipuko, mwulizeni maji yake anayatibu vipi kabla hajaondoka. Msimzuie dawa kama ameandikiwa. Ila mlango wa kwanza aliousema Maabara kwake uko wazi, basi yeye ndiye wa kwanza kuhimizwa klorini. Dawa za kufunga tumbo msimpe kabisa mgonjwa wa kuharisha maji ya mchele. Maji huendelea kumwagikia ndani ya utumbo, ninyi mnaona tu kwamba hayatoki.

Lishe_Newala

Nichukue togwa, maana ndiyo iliyoulizwa na ndiyo ninayoiona ikiharibiwa kila siku.

Togwa nzuri ina mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Kuna asidi, na kuna bakteria hai wanaochachusha. Watafiti walioichunguza togwa ya Tanzania walikuta *Lactobacillus plantarum*, *Lactobacillus fermentum*, *Pediococcus pentosaceus*, *Weissella confusa* na hamira za asili. Hao wakiachwa wafanye kazi saa 24 kwenye joto la huku kwetu hushusha pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umeongezeka) chini ya 4, na vibrio, ambaye hustawi kwenye pH ya 7 hadi 9, hapo hastahimili. Kazi ya Kingamkono na wenzake iliyochapishwa 1999 ilionyesha watoto wa Tanzania waliokula togwa walikuwa na vimelea vya kuharisha vichache kinyesini kuliko wenzao waliokula uji usiochachuka.

Tatizo ni jinsi inavyotengenezwa. Kilo 1 ya unga wa mahindi au mtama kwa lita 9 hivi za maji, ichemke sawasawa mpaka uji uive, si kupata moto tu. Ipoe mpaka uvuguvugu, sufuria ikishikika kwa mkono bila kuunguza. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto sana, kimeng'enya chake kinakufa, uji unabaki mzito na watu wanauongezea maji. Kimea gramu 50 kwa kilo ya unga kinatosha kuulainisha, kisha kianzio, yaani togwa ya jana iliyochachuka vizuri, kama lita 1. Funika, acha mpaka kesho saa kama hiyo.

Angalieni kimea chenyewe. Nafaka hulowekwa usiku kucha na kuoteshwa siku mbili tatu, mara nyingi kwa maji ya kisima yasiyotibiwa, halafu unga wake unaingia kwenye uji ambao hauchemshwi tena. Saa za mwanzo togwa bado tamu, pH iko juu, na chochote kilichokuja na kimea kina nafasi. Kwa hiyo nafaka ilowekwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini na kusafishwa tena kwa maji kama hayo kila siku, kimea kikaushwe juani mpaka kivunjike kwa meno. Togwa inayouzwa saa sita baada ya kukorogwa, tamu, haina kinga yoyote. Kipimo cha uhakika ni karatasi ya pH. Ulimi hudanganywa na sukari.

Kosa kubwa kuliko yote liko mwishoni: togwa imechachuka vizuri, sasa muuzaji anaipunguza uzito kwa jagi la maji mabichi au anatia barafu. pH inapanda na vibrio anaingia siku hiyohiyo. Kisha vikombe vyote vya wateja vinasuuzwa kwenye ndoo moja. Huku uwanda wa Makonde maji yanatoka mbali na yanabanwa sana, naelewa kwa nini ndoo haibadilishwi, lakini ndoo hiyo ndiyo kisima kipya.

Uraka wa mabibo una uchachu wake, ila pombe yake ni ndogo mno kuua vimelea na nao hutiwa maji. Usihesabiwe. Ndimu kwenye chakula ina ushahidi zaidi: Guinea-Bissau walionyesha kwamba maji ya ndimu ndani ya mchuzi wa kulia wali yaliendana na kinga. Sharti mchuzi wote uchachuke. Matone mawili juu ya pweza hayageuzi pH ya bakuli.

Mhudumu_Mikindani

Ahsanteni sana, dada Lishe umenisaidia mno kwenye kimea. Naomba nibane kidogo. Bakteria wa togwa wakishafika utumboni wanakaa na kuziba pengo la Blautia? Na kuna mtu alisema kwenye kikao cha kijiji kwamba ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kumrudishia mgonjwa maji, ikikorogwa na unga wa muhogo inafanya kazi vizuri zaidi. Nimjibu nini?

Maabara_Kusini

Hawakai. Bakteria wa togwa na mtindi ni wapitaji, ukiacha kunywa wanatoweka baada ya siku chache, na hawawi Blautia. Wakati wanapita wanaweza kufanya kazi: mwaka 2018 panya wachanga waliopewa *Lactococcus lactis* akiwa hai walikingwa dhidi ya vibrio kwa asidi anayotoa, na aliyeuliwa kwanza hakukinga. Hilo ni la panya. Kidonge cha bakteria kilichoidhinishwa kuzuia kipindupindu kwa binadamu hakipo, kwa hiyo anayekiuza anauza maneno.

Habari ya unga ina chanzo cha kweli ila imepotoshwa njiani. Vellore, India, mwaka 2000 walichapisha jaribio ambapo kila lita ya ORS iliongezwa gramu 50 za wanga wa mahindi wa aina maalumu usioyeyushwa na utumbo mwembamba. Wanga huo ulifika utumbo mpana, bakteria wenyeji wakauchachua na kutoa asidi mafuta za mnyororo mfupi, na asidi hizo zikavuta sodiamu na maji kurudi mwilini kwa njia ambayo sumu ya kipindupindu haiizuii. Wagonjwa waliharisha kidogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mtamu kuliko wote kwamba bakteria hawa ni mali: hata katikati ya ugonjwa, waliobaki wanarudisha maji.

Lishe_Newala

Lakini muhogo hapana, tafadhali mkatazeni mtu huyo kwa upole na kwa uwazi. Unga mbichi wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri una sianidi, na Mtwara konzo imewahi kuonekana, miguu ya watoto ikakakamaa maisha yao yote. Kumpa unga huo mbichi mgonjwa ambaye hajala ni hatari. Tena unga wowote wa kukisia hubadilisha uzito wa ORS, na ikizidi uzito huvuta maji nje. Ndizi mbichi za kupika, zikipikwa na kupondwa, zina wanga wa aina hiyo pia. Zitolewe kama chakula, pembeni ya ORS, mgonjwa akishaacha kutapika.

Muuguzi_Kilwa

Nimesoma yote, mmefundisha vizuri. Ninaongeza kwa sababu mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita moja kwa saa, na bakteria wake hawatamwokoa kwa kasi hiyo.

ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, isigawanywe nusu. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwa lita 1. Mgonjwa aliyepungukiwa kiasi, mililita 75 kwa kilo ndani ya saa nne. Mtu wa kilo 60 ni lita 4 na nusu, na ndugu wengi wakisikia hivyo wanadhani umekosea. Aliyezimia au ambaye mapigo ya mkono hayashikiki anahitaji dripu ya Ringer lactate, mililita 100 kwa kilo. Kwa mwenye mwaka mmoja na zaidi, 30 za kwanza ziingie ndani ya nusu saa na 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Kwa mtoto chini ya mwaka, 30 kwa saa moja na 70 kwa saa tano. Njiani kuelekea kituoni ORS isikatike maadamu anameza.

Mhudumu_Mikindani

Shukrani, muuguzi. La mwisho: mtoto wa miaka miwili amepona na amerudi nyumbani. Apewe nini ili wenyeji wake warudi, na nyumba ifanye nini?

Muuguzi_Kilwa

Ziwa la mama liendelee kama bado ananyonya, lina kingamwili na linalisha bakteria wazuri. Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10, hata kama kuharisha kumekoma. Chakula cha kawaida na mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili: uji, ndizi za kupika, kunde, samaki, na togwa ya saa 24 kama kimea chake kinajulikana kilivyotengenezwa. Asipewe antibiotiki nyingine kwa kikohozi cha mafua. Wenyeji ndio kwanza wanarudi, na huchukua wiki hadi miezi.

Nyumba itibu maji ya kunywa kwa klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti, isubiri nusu saa, iyahifadhi kwenye dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki, si ndoo ya kuchovya kata. Kolkata walijaribu mitungi ya shingo nyembamba miaka ya 1980 na maambukizi ndani ya kaya yalipungua, bila kubadilisha kisima. Nepi na choo vihesabiwe vina vibrio kwa siku 10. HTH, yaani klorini ya unga, ya asilimia 70, gramu 30 kwa lita 10 za maji, ni dawa ya kumwagia sakafu ya choo. Ya kunawia mikono ni gramu 7 kwa lita 10. Ikorogwe upya kila siku, kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati huimaliza nguvu.